Shingo ya ng'ombe kwa moto wa jivu

Kwa miaka mitatu nilinunua nyama ya shingo kwa sababu ndiyo niliyoimudu. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Buguruni, Dar es Salaam, kazini nachomelea mageti na madirisha Gerezani, na Jumapili ndiyo siku pekee niliyopata nafasi ya kupika. Mwenye bucha alishanizoea. Akiniona tu anainua shoka juu ya gogo na kuuliza, "Shingo au muundi?" Steki ilikuwa inaning'inia palepale kwenye ndoano, nyekundu, haina mfupa, lakini kwa pesa ya kilo moja ya steki mimi niliondoka na shingo kilo na nusu na mfupa wa supu juu yake.

Na kwa miaka hiyo mitatu nilikula nyama ngumu, nikiamini kwamba nyama ya bei ndogo ndivyo ilivyo.

Upishi wangu ulikuwa hivi. Nilijaza jiko mkaa hadi juu, nikafungua mlango wa jiko wote, nikapepea mpaka makaa yakawa mekundu. Nyama naitia kwenye sufuria na maji mengi, chumvi, kitunguu kimoja na nyanya mbili. Sufuria inachemka mpaka kifuniko kinarukaruka na maji yanamwagikia motoni. Baada ya saa moja nachoma kipande kwa uma, bado kigumu. Naongeza maji, naongeza mkaa. Saa ya pili inaisha, nyuzi za nyama zimekauka kama kamba za katani, mchuzi mweupe, mwepesi, hauna ladha ya kukaa mdomoni. Kazi yangu ya mchana kutwa ilikuwa moto mkali. Chuma kikigoma unaongeza moto. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kinachogoma kwa sababu ya moto huohuo.

Siku moja kaka yangu mkubwa alinitembelea na mkewe. Niliwapikia kwa moyo wote. Shemeji alitafuna kipande kimoja muda mrefu, akakimeza kwa shida, halafu kimyakimya akaanza kuweka vipande vingine pembeni ya sahani na kula wali na mchuzi. Kaka akafanya vilevile. Hakuna aliyesema neno baya, walinishukuru sana. Walipoondoka nikahesabu vipande pembeni ya zile sahani mbili. Tisa. Vile vipande tisa ndivyo vilivyonifanya nikubali kwamba tatizo ni mimi.

Nyumba ile ilikuwa na uani mmoja kwa wapangaji wote, na mama mzazi wa mwenye nyumba alikuwa akishinda pale juu ya mkeka. Bibi wa Pangani, macho hayaoni vizuri, masikio yanasikia hadi panya anayepita darini. Jumapili iliyofuata nilipoweka sufuria jikoni nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akanyamaza kidogo, sufuria ikaanza kelele zake. "Mwanangu, hiyo nyama unaigombeza. Mtu ukimgombeza anakaza. Niletee koleo."

Akavuta kigoda akakaa mbele ya jiko langu. Kwanza akaufunga mlango wa jiko, akaacha upenyo wa kidole. Akachomoa makaa karibu nusu, moja moja, akayaweka pembeni. Yale yaliyobaki akayanyunyizia jivu juu mpaka wekundu ukapotea, ukabaki joto tu. Halafu akachukua makaa matatu kati ya yale ya pembeni akayapanga juu ya kifuniko, kama watu wa pwani wanavyopalia wali. Sufuria ikanyamaza kabisa. Nilidhani ameuzima moto.

"Sogea. Sikiliza."

Nikasogeza sikio. Kimya kirefu, halafu *tok*. Kimya tena. *Tok... tok.* Povu moja linapanda, linapasuka, jingine linafuata kwa wakati wake.

"Ikisema hivyo, iache. Ikianza kusema gwa-gwa-gwa, ipunguzie moto. Ikinyamaza moja kwa moja, punguza jivu kidogo. Kazi yako ni hiyo tu. Nenda kafue nguo."

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilifua, nikaanika, nikalala, nikaamka. Jua lilipoanza kuzama nilifunua kifuniko na sikuhitaji kuonja. Nyama ilikuwa imeachana na mfupa yenyewe. Zile kano nyeupe nilizokuwa nazikata na kuwatupia paka zilikuwa zimegeuka ute unaong'aa. Mchuzi ulikuwa na uzito, nikichovya mwiko unabaki umevikwa. Na viungo vilikuwa vilevile: kitunguu kimoja, nyanya mbili.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wananiuliza siri ni kiungo gani. Viungo vinasaidia, nitavitaja, lakini tofauti kati ya nyama ya kamba ya katani na nyama ya kulia kijiko niliiona kwa macho yangu, na kilichobadilika ni moto na saa.

Baadaye nilitaka kujua kwa nini. Mimi nimezaliwa upande wa Kahama, nimekua nikiswaga ng'ombe na kulimia maksai, na hilo lilinisaidia kuelewa. Sehemu kubwa ya nyama inayouzwa kwenye bucha zetu ni ya ng'ombe wa kienyeji, wale wenye nundu, waliotembea maisha yao yote kutafuta malisho na maji. Kutoka Shinyanga, Mwanza, Singida na Dodoma wanapakiwa kwenye malori hadi mnada wa Pugu, na wengi wanamalizikia machinjio ya Vingunguti, jirani kabisa na pale nilipokuwa nakaa. Wengine ni maksai waliokwisha kulima miaka yao. Shingo ya maksai imebeba nira. Muundi umebeba mwili mzima. Kidari nacho hakina siku ya kupumzika, maana ng'ombe anauegemeza uzito wa mbele juu yake. Msuli unaofanya kazi namna hiyo unafungwa na tishu ngumu nyeupe, ambazo kitaalamu zinaitwa kolajeni, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo zinavyozidi kujifunga. Steki inatoka mgongoni, kwenye msuli usio na kazi kubwa. Ndiyo maana inaiva upesi, na ndiyo maana ukiipika saa tatu inaharibika.

Kolajeni haiyeyuki kwa ghafla. Inaanza kulegea taratibu joto likifika kwenye nyuzi joto 70 hivi za Selsiasi, na kadiri unavyokaribia 90 inalegea haraka zaidi, lakini bado inataka saa nyingi ili igeuke jelatini, ule ute unaofanya midomo inatane ukila makongoro. Wakati huohuo nyuzi za nyama zenyewe zinajikunja na kukamua maji yake nje. Ukichemsha kwa fujo, nyuzi zinakamuka hadi tone la mwisho, na mapovu yanazipigapiga mpaka zinachambuka. Ukienda polepole nazo zinakamuka kiasi, lakini ute wa jelatini unakuwa umeshazizunguka, na mdomoni unaona nyama ina majimaji. Bibi wa Pangani hakuwa na kipimajoto. Ile *tok... tok* yake nimekuja kuipima kwa kipimajoto cha jikoni. Inacheza kati ya 85 na 95.

Sasa nieleze ninavyopika leo, maana miaka imepita na nimeongeza mambo yangu.

Nachukua kilo moja na nusu, mchanganyiko wa shingo na muundi wenye mfupa. Buchani naomba vipande vikubwa, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ukikatiwa vidogovidogo vitasambaratika kabla kano hazijalainika. Naangalia nyama yenye mistari myeupe ndani, ile ambayo wateja wengine wanaikataa. Jioni ya jana yake naipaka chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa na kuiweka kwenye friji bila kuifunika sana, ili ikauke juu.

Kukauka huko ni muhimu kuliko nilivyodhani. Nyama yenye maji ukiitia kwenye mafuta haikaangiki, inachemka kwa maji yake na kubaki na rangi ya kijivu. Kwa hiyo naifuta kwa kitambaa safi, mafuta yanapata moto hasa, na hapa tu ndipo ninaporuhusu moto mkali. Naweka vipande vinne au vitano kwa mara moja, vimeachana, na siviguseguse. Vikishika rangi ya kahawia upande wa chini vinabanduka vyenyewe, ndipo nageuza. Nikiona mvuke mwingi unapanda najua nimejaza sufuria, natoa viwili. Kazi hii inachukua dakika 20 na inachosha, na ndiyo inayoupa mchuzi rangi na harufu ya nyama choma.

Natoa nyama yote pembeni. Chini ya sufuria kumebaki utandu wa kahawia, usiuoshe. Natia vitunguu maji vinne vikubwa vilivyokatwa, na chumvi kidogo, kwa moto wa wastani. Vitunguu vikitoa maji yake utandu ule unalainika, naukwangua kwa mwiko wa mti. Vitunguu navikaanga mpaka viwe na rangi ya asali iliyokolea, robo saa na zaidi. Halafu kitunguu saumu na tangawizi nilivyotwanga kwenye kinu pamoja na pilipili manga na binzari nyembamba, kijiti cha mdalasini, iliki tatu. Nyanya tano zilizoiva zinafuata, na hapo sina haraka: nazikaanga hadi zivunjike na mafuta yajitenge pembeni. Nyanya isipokaangwa vizuri mchuzi unabaki na ukakasi ambao hata saa nne za jikoni haziuondoi.

Nyama inarudi pamoja na maji yote iliyoyatoa sahanini. Naongeza maji ya moto, yafike nusu ya kimo cha nyama tu. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea zamani kuliko popote. Niliizamisha nyama kwenye maji kama naosha nguo, halafu nikashangaa mchuzi hauna ladha. Kifuniko kikiziba vizuri mvuke unapanda, unagonga juu, unarudi, na nyama yenyewe inatoa maji. Sufuria iwe nzito. Ikiwa kifuniko kinacheza naweka jiwe safi juu, au makaa kama alivyofanya bibi. Kisha moto wa jivu, saa tatu kwa ng'ombe mdogo, nne au zaidi kwa maksai. Kila baada ya dakika 40 nageuza vipande vya juu viende chini, na kuhakikisha hakijaungua kitu. Chumvi ya mwisho naonja mwishoni kabisa, maana mchuzi unapungua na chumvi inabaki palepale.

Ukwaju nao nautia mwishoni, uliolowekwa na kuchujwa, vijiko vitatu. Tui zito la nazi nikipenda siku hiyo, dakika kumi za mwisho, bila kifuniko. Viazi au ndizi mbichi nusu saa kabla ya kuepua.

Nimejaribu njia za mkato. Mtu mmoja aliniambia papai bichi linalainisha nyama, na ni kweli, lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Nililikwangua papai, nikaipaka nyama, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nje ilikuwa imegeuka uji na ndani ngumu vilevile. Nilipopika, ule uji ukasambaa mchuzini kama pumba. Papai ni zuri kwa mishikaki, kwa saa moja hivi. Kwa muundi halina kazi, kwa sababu kinachotakiwa ni kuyeyusha kano zilizo ndani kabisa, na huko papai halifiki.

Sufuria la presha ninalo na sitamkataza mtu. Makongoro nayapikia humo, na siku ya kazi shingo inaiva kwa chini ya saa moja. Lakini huoni kinachoendelea ndani, huwezi kuonja, na mchuzi haupungui, kwa hiyo lazima uufungue na kuukausha baadaye. Kwa Jumapili sitalichukua.

Kuhusu mkaa, watu wanadhani saa nne zinakula mkaa mwingi. Mimi niliona kinyume chake. Jiko lililofungwa mlango na kufunikwa jivu linapumua kidogo sana, na sahani moja ya mkaa ilinifikisha pale ambapo zamani nilimaliza debe dogo. Ila jambo moja naliomba kwa dhati: moto huo uwe nje, uani au barazani. Makaa yaliyofunikwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia zimelala na jiko chumbani kwa sababu ya mvua au baridi zisiamke. Hata likionekana limezimika, liache nje.

Na kiporo chake ni kitamu kuliko siku ya kwanza. Kwenye friji mchuzi unaganda kabisa, unatikisika ukigonga bakuli, mafuta meupe yamekaa juu unayaondoa kwa kijiko. Bibi hakuwa na friji, kwa hiyo alipika kinachoisha usiku uleule na kugawa kinachozidi. Mimi nilikuwa napelekewa sahani, na baada ya kujifunza nikawa napeleka mimi. Alipoonja shingo yangu kwa mara ya kwanza alisema tu, "Sasa imekubali."

Miaka miwili iliyopita nilikwenda nyumbani mwezi wa Desemba. Baba ana zaidi ya miaka sabini na meno ya nyuma hana hata moja. Mama alininong'oneza kwamba siku hizi hali nyama. Anachovya ugali kwenye mchuzi, vipande anawagawia wajukuu, anasema ameshiba. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga nira, na nyama alikuwa anaipenda kuliko chochote.

Nikaenda mnadani asubuhi, nikanunua shingo na muundi mzima, nikaomba mfupa ukatwe mara mbili. Nyumbani hakuna jiko la mkaa, kuna mafiga na kuni, na ikabidi nijifunze upya. Nilikoka moto mkubwa kwanza, nikaacha kuni ziungue hadi zitoe makaa, nikazivuta zote nje, nikabaki na makaa na kigogo kimoja kinachofuka pembeni. Saa nne asubuhi nyama ilikuwa imeshakaangwa na kufunikwa. *Tok... tok.*

Mama alipita, akatazama, akainama akasukuma kuni mbili ndani.

"Moto wako unakufa."

"Mama, uache hivyohivyo tafadhali."

Nikazivuta. Alivyorudi kutoka kisimani akazisukuma tena bila kusema. Nikazivuta tena. Mara ya tatu nikamshika mkono, nikamwomba akae kwenye kigoda asikilize kama mimi nilivyosikilizishwa Buguruni. Akakaa. Alisikiliza muda mrefu, mkono shavuni, mpaka akaanza kunikumbusha yeye mwenyewe: "Imenyamaza hiyo. Sogeza kaa moja."

Saa nane mchana tukapakua. Baba alipewa bakuli lake na ugali. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi kama kawaida yake, na tonge likagusa kipande cha shingo, kikagawanyika. Mkono wake ukasimama hapohapo. Akakibonyeza kwa kidole. Halafu akakichota pamoja na ugali, akala. Akachota kingine. Wajukuu walikuwa wamekaa upande wake wakisubiri vipande vyao kama siku zote, na safari hii hawakupewa.

"Hii ni sehemu gani?" akauliza.

"Shingo, baba. Ya maksai."

Akatikisa kichwa polepole. Alikula mpaka bakuli likabaki na mchuzi kidogo, akaugeuza huku na huku, akautafuta kwa macho hadi kwenye sufuria.

"Na muundi je? Mfupa wake mmeuweka wapi?"

Mama akaupakua akampa. Baba akaushika kwa mikono miwili, akaupuliza, akaanza kuugonga ukingoni mwa bakuli ili uboho utoke.